Siku Pikapu ya Shimba Ilipovaa Matairi ya Wakubwa

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, wenye magari na wasio na hata baiskeli, kwamba ndugu Shimba, mume wa Dorcas, baba wa Precious, mmiliki halali wa pikapu moja nyeupe yenye kutu ubavuni, amepandishwa cheo. Hakupandishwa na serikali, maana serikali haijui kama yupo. Hakupandishwa na kanisa, maana kanisani hukaa benchi la nyuma ili awahi kutoka kabla michango haijatajwa. Amejipandisha mwenyewe, kutoka usawa wa lami hadi usawa wa madirisha ya watu, kwa kufunga matairi manne makubwa yenye meno kama ya mamba. Wananchi wanaombwa kusimama kando ya barabara na kuinua shingo.

Kabla ya cheo hicho Shimba alikuwa mtu wa kawaida tu. Alizaliwa Misungwi kwa watu wa pamba na ng'ombe, akaja Mwanza na leseni mpya mfukoni, akaendesha magari ya watu mpaka kiti kikachukua umbo la makalio yake. Madereva humwita mwenye gari "tajiri", hata kama suruali ya tajiri huyo imechanika magotini. Shimba aliwatumikia matajiri wengi, akawaibia kiasi cha kutosha, na mwishowe naye akanunua pikapu yake akawa tajiri. Mgongo ulipoanza kumsumbua alimpa usukani Alexander, mdogo wake Dorcas, kijana mpole asiyejua hata kupiga honi kwa hasira.

Siku za kazi pikapu ilikwenda Sengerema kuleta mchele na nyanya za wafanyabiashara wa sokoni Mkuyuni. Jumamosi ilibeba matarumbeta. Kama umeoa Mwanza unajua: bila pikapu mbele, imejaa vijana wanaopuliza matarumbeta mashavu yakitaka kupasuka, wewe hujaoa, umehamisha mwanamke tu. Shimba alizipenda Jumamosi hizo kuliko pesa zenyewe. Yeye mwenyewe alikaa mbele pamoja na Alexander, mkono nje ya dirisha, akiupungia umma uliokuwa ukimpungia bibi harusi.

Halafu ikaja harusi moja ya watu wenye nazo. Pikapu nyingine ilifika, ndefu kwenda juu, nyeusi, imekaa juu ya matairi ya kutisha. Mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye tumbo la kutosha kamati mbili, akazitazama zote mbili kama anayechagua kuku.

"Ile ndefu itangulie na matarumbeta," akasema. "Hii fupi ikae nyuma, ibebe masufuria."

Vijana wa matarumbeta hawakungoja kuambiwa mara mbili. Waliruka kutoka pikapu ya Shimba kama panya wakikimbia moto, na Shimba akalipita jiji zima nyuma ya msafara, masufuria ya pilau yakigongana mgongoni mwake. Hasira aliyorudi nayo nyumbani siku ile haikulala. Jumatatu asubuhi ilimwamsha, ikampeleka Usagara, kwa mtu anayeuza barabarani matairi yaliyokwishatumika na magari ya migodini.

"Gari linakwenda wapi, mzee?" muuzaji aliuliza. "Porini?"

"Mkuyuni."

"Mkuyuni kuna lami. Haya ni ya tope, ni mazito, tena yamezidi saizi yako mbali. Yatakula..."

"Nimekuuliza yanakula nini? Mimi nimekuja kununua mchungaji au matairi?"

Muuzaji akapokea pesa, maana biashara ni biashara. Fundi akainyanyua bodi kwa vipande vya chuma, akakata kingo za madigadi ili matairi yapate pa kuzungukia, na jioni pikapu ikarudi mjini ikinguruma juu ya lami kama mashine ya kusaga. Watoto walikimbia nyuma yake. Shimba alishuka kwa kuruka, kwa sababu mguu haukufika chini.

Sokoni hawakufurahi sana. Paskazia, mama wa nyanya mwenye mabega ya mwanajeshi, alisimama na tenga kichwani akatazama juu.

"Shimba, hapa tunapanda kwa ngazi au tunaombewa?"

"Pandisha tenga lako, mama, acha maneno."

"Nitalipandishaje? Umefuga twiga!"

Lakini Jumamosi iliyofuata pikapu ilitangulia na matarumbeta, na kwa Shimba hoja ikawa imefungwa.

Sasa hapa inabidi nieleze jinsi Shimba alivyomlinda Alexander asimwibie. Kila asubuhi tangi lilijazwa mpaka mdomoni, kituo kile kile. Kila jioni lilijazwa tena, na Shimba akaona ni lita ngapi zimeingia, kisha akasoma kwenye dashibodi gari limetembea kilomita ngapi. Safari ya Sengerema aliijua kama anavyoijua Baba Yetu. Mafuta na kilomita vikikubaliana, alilala. Visipokubaliana, dereva ndiye asiyelala.

Na tangu matairi yale yafungwe, havikukubaliana. Mafuta yaliongezeka, hilo ni moja. La pili, lililomkausha mate Shimba, kilomita zilipungua. Safari ile ile, barabara ile ile, mita ilidai gari limetembea kilomita kumi na kitu pungufu.

Mtu mwingine angeshangaa. Shimba hakushangaa, alitambua. Huo ulikuwa ujanja aliousomea mwenyewe alipokuwa dereva: unachomoa waya wa mita nyuma ya dashibodi, unapiga safari zako za pembeni, unabeba mkaa wa watu, halafu unarudisha waya. Mafuta yanakwenda, kilomita hazisogei, tajiri analala. Alama zote mbili zilikuwa mbele yake, wazi kama ndui. Alimngoja Alexander uani, mikono kiunoni.

"Shemeji, leo ulikwenda wapi?"

"Sengerema, shemeji. Kwenda na kurudi."

"Mita inasema hukufika Sengerema. Inasema uligeuza njiani."

Alexander akatazama magunia ya mchele nyuma ya gari. "Na huu mchele ulinifuata wenyewe?"

"Usinifanyie mzaha! Waya umeuchomolea wapi? Na mafuta umemuuzia nani?"

"Shemeji, gari limekuwa zito. Gia ya tano halivuti tena, ukiweka linataka kuzima. Kilima kidogo tu linaomba gia ya tatu. Nilikwambia tangu wiki ile ya kwanza, ukaniambia nizoee."

"Usilisingizie gari! Gari haliibi."

"Basi na mimi siibi."

Alisema hivyo bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma Shimba zaidi. Mwizi, kwa uzoefu wake, alipaswa kulia au kuapa kwa jina la mama yake. Huyu alisimama tu, akakunja mikono ya shati, akaanza kushusha magunia.

Kama ugomvi ungeishia uani, hata mimi nisingeandika. Lakini Alexander alikuwa anaoa. Alikuwa amemchumbia Kokulinda, binti wa watu wa Kagera aliyelelewa na baba yake mdogo, mzee Anatory Mutalemwa wa Buhongwa, mwalimu mstaafu ambaye hata akiagiza chumvi huanza na utangulizi. Posa ilikuwa imepokelewa, na kanisani tangazo la kwanza la ndoa, kati ya yale matatu ya desturi, lilikuwa limekwisha kusomwa. Jumapili ile familia mbili zilikutana nyumbani kwa Mutalemwa kupanga harusi. Kahawa ilikuwa imemiminwa. Shangazi Felicitas, wa upande wa bibi harusi, alikuwa anauliza habari za pikapu ya matarumbeta, kwa nia njema kabisa, na akasema, "Tunamshukuru bwana Shimba, tumesikia gari lake siku hizi ni la kifahari."

Shimba akasimama. Dorcas akamshika koti. Koti likabaki mkononi mwa Dorcas, Shimba akasonga mbele bila koti.

"Gari lipo," alisema. "Ila ninyi watu wa Kagera ni wasomi, sitaki mseme hamkuambiwa. Mnamwoza binti yenu kwa mwizi. Ananinyonya mafuta na kuchomoa mita yangu kila siku ya Mungu. Akioa, atachomoa na sufuria jikoni."

Kikombe cha shangazi Felicitas kilisimama katikati ya njia. Alexander akainuka, akatoa ufunguo wa pikapu mfukoni, akauweka mezani mbele ya Shimba, akatoka. Kokulinda hakulia. Alianza kukusanya vikombe, hata vile ambavyo watu walikuwa bado wanavinywea, akivipiga kwenye sinia kimoja baada ya kingine.

Mzee Mutalemwa alisubiri mpaka vikombe vikaisha.

"Bwana Shimba, katika nyumba hii hatutoi binti kwa mtu aliyeitwa mwizi na ndugu zake mwenyewe. Vile vile hatumfukuzi mtu kwa maneno ya mtu aliyechemka. Kwa hiyo nasema hivi. Kabla ya tangazo la tatu kusomwa, wewe uliyesema utarudi hapa, utasimama hapo hapo, mbele ya watu hawa hawa, utuambie kama ni kweli au si kweli. Usiporudi, tunarudisha posa, na kijana atakwenda na jina ulilompa."

Kutoka Buhongwa hadi Mkuyuni Dorcas hakufungua mdomo. Walipofika aliufungua.

"Baba Precious. Umemwita mdogo wangu mwizi kwa wakwe zake."

"Nimesema ninachokiona. Mita haina shemeji."

"Alexander aliyekaa na mama yetu hospitali mwezi mzima akilala sakafuni? Huyo ndiye anayeuza mafuta yako?"

"Mama Precious, mimi nimekuwa dereva. Najua."

"Ndiyo, unajua! Unajua kwa sababu mwizi ulikuwa wewe! Sasa sikiliza. Kesho endesha mwenyewe. Na mimi napanda. Nataka nikuone unavyokwenda Sengerema bila kuiba."

Asubuhi walijaza tangi mpaka mafuta yakafurika. Dorcas alitia kufuli kwenye mfuniko, akautundika ufunguo shingoni pamoja na rozari. Kisha akaingia mbele kwa kujivuta kwenye mlango, akilaani kila hatua, maana gari lilikuwa juu na gauni lilikuwa la kubana. Shimba mwenyewe alipiga magoti chini ya dashibodi akauona waya wa mita, umekaa mahali pake, haujaguswa. Akaufunga kwa utepe na kuutia alama ya wino. Mwizi hakuwamo garini. Aliwasha akiwa na hakika kama askofu.

Kufika Nyegezi hakika ilianza kutoka jasho. Pikapu aliyoizoea, iliyokuwa ikiondoka kwa kuguswa tu, sasa ilitaka kukanyagwa kama cherehani. Matairi yaliunguruma kiasi kwamba ilibidi apige kelele ili ajisikie akitukana. Baada ya Usagara barabara ilinyooka, akaweka gia ya tano. Injini ikatetemeka kama mtu wa malaria. Akarudi ya nne, akakanyaga. Pale Kigongo, ambapo zamani angekaa kwenye foleni ya kivuko akila mahindi ya kuchoma, alilipanda daraja kwa gia ya tatu, ziwa likimetameta pande zote mbili na moshi mweusi ukimfuata nyuma.

"Mbona unalikanyaga hivyo?" Dorcas aliuliza.

"Upepo."

"Upepo uko nyuma yetu."

Shimba akakanyaga zaidi. Alikuwa amekumbuka maneno ya Alexander kuhusu gia ya tano, na alikuwa anayachukia.

Walipakia mchele, wakageuza. Walipoingia tena Usagara alikuwa makini, maana pale askari wa usalama barabarani hupenda kukaa na tochi yao ya kupimia mwendo. Alishusha mpaka dashibodi ikasoma hamsini kamili, mwendo halali wa kwenye makazi ya watu, akapita amekaa wima kama mwanakwaya. Askari wa kike akainua mkono. Kwenye kifua chake paliandikwa Selina.

"Mzee, umepita na hamsini na saba."

"Muongo!"

"Nani muongo?"

"Tochi, afande. Siyo wewe. Tochi ni muongo. Mimi nilikuwa hamsini, na mke wangu shahidi!"

"Ilikuwa hamsini, afande," Dorcas alisema. "Huyu ana makosa mengi, ila hilo halimo."

Selina alikuwa anayatazama matairi. Alitembea akaizunguka pikapu yote, akasimama mbele ya gurudumu lililomfika kiunoni, akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyechoshwa na jua.

"Haya ulizaliwa nayo au umeyaongeza?"

"Nimeyafunga. Ni kosa?"

"Hilo tutaliona kwenye ukaguzi, maana hata madigadi umeyakata. Ila dashibodi yako sasa ni kipofu, mzee. Yenyewe haioni barabara. Inahesabu gurudumu limezunguka mara ngapi, inadhani bado ni gurudumu lile dogo la kiwandani. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo unakimbia kuliko inavyokuonyesha. Wote mnaojifungia haya tunawakamata hapa hapa, na wote mnaapa."

Dorcas alikuwa ameshageuza kichwa, anamtazama mumewe. Wanawake walioolewa na Shimba, na ni yeye Dorcas peke yake, hujifunza kungoja mpaka mafuta yapimwe.

Kwenye kituo chao cha mafuta Dorcas alivua ufunguo shingoni, akafungua kufuli. Mafuta yakaanza kuingia. Yakaingia. Yakapita kiwango cha zamani, yakapita hata kile alichomshitakia Alexander. Shimba alichungulia dashibodi. Kilomita zilikuwa pungufu, kumi na kitu, vile vile. Akaingiza kichwa chini akautazama waya. Utepe ulikuwepo, na wino ulikuwepo.

Kwa ushahidi ule ule, kwa hukumu ile ile, mwizi wa mafuta alikuwa Shimba.

"Mita imeharibika!" alifoka.

"Mita ilikuwa nzima ilipomshitaki Alexander," alisema Dorcas. Sasa alikuwa anapaza sauti, na watu wa kituoni walikuwa wanasogea. "Leo imekushitaki wewe ndiyo imeharibika? Sema, Baba Precious! Umemuuzia nani mafuta? Umepita wapi pembeni? Nilikuwa nimekaa na nani hapa mbele, na mzimu? Aliyekula kilomita ni tairi, kwa sababu linazunguka mara chache. Aliyekula mafuta ni tairi, kwa sababu ni zito kama jiwe la Bismarck kule ziwani, na injini ni ile ile ya kubebea nyanya! Alexander alikwambia, wewe ukasikia matarumbeta tu!"

Shimba akalipiga tairi teke kwa nguvu zake zote. Tairi halikusikia. Kidole gumba kilisikia.

Usidhani alikwenda Buhongwa siku iliyofuata. Tangazo la pili la ndoa lilisomwa yeye akiwa kwenye benchi lake la nyuma, alikofika akichechemea. Alimlaumu muuzaji wa Usagara kwa kutomwonya. Alimlaumu fundi. Alimlaumu mwenyekiti mwenye tumbo la kamati mbili, na hapo hakukosea sana. Mwishowe, Dorcas alipokuwa anampikia chakula kisichotiwa chumvi kwa makusudi, Shimba alimfuata Alexander alipokuwa akipakia saruji kwenye gari la mtu mwingine.

"Shemeji, yaishe. Rudi kazini, chukua ufunguo."

"Sijakuomba kazi. Nenda Buhongwa."

"Nitampigia mzee simu, nitamweleza vizuri."

Alexander akautua mfuko wa saruji chini, polepole, na kwa mara ya kwanza Shimba akaona hasira ya mtu mpole. Ilikuwa nyeupe usoni, ya vumbi, haina kelele.

"Hukuniita mwizi kwa simu."

Basi Jumamosi, siku moja kabla ya tangazo la tatu, Shimba alivaa koti na kupanda pikapu pamoja na Dorcas. Njia nzima alikuwa akitunga hotuba. Ndani yake mlikuwa na hali ya barabara zetu, teknolojia za kigeni, mapungufu ya kibinadamu, na shetani, ambaye kazi yake kubwa nchini ni kubeba lawama za wanaume. Mwenye makosa hakuwamo popote. Ilikuwa hotuba nzuri.

Uani kwa Mutalemwa walikuwepo wote. Shangazi Felicitas alikuwa na kikombe. Kokulinda alisimama mlangoni, sinia kifuani. Alexander alikaa kando, hakumwamkia mtu yeyote isipokuwa mzee. Nje matairi yalionekana kati ya nondo za geti, kama wageni wanaochungulia.

Mzee Mutalemwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Bwana Shimba. Siku ile ulisimama mahali hapo, ukatamka neno zito juu ya kijana huyu. Neno hilo limekaa katika nyumba hii, limelala nasi, limekula nasi. Binti yangu hajacheka tangu siku ile. Kesho tangazo la tatu ama litasomwa ama halitasomwa, na wewe ndiye unayejua. Ninakuuliza mbele ya Mungu, mbele ya ukoo wa bibi harusi na ukoo wa bwana harusi. Tafakari kwanza, usiwe na haraka. Kijana huyu, Alexander, ni mwizi, au si mwizi?"

Shimba alitafuta hotuba. Alimwona Kokulinda amelishika sinia kwa mikono miwili, na Dorcas amemshika yeye koti, safari hii kwa nguvu.

"Si mwizi," alisema. "Matairi ni makubwa."